SHOKAPU ZA PIKIPIKI: AINA ZAKE NA JINSI YA KUCHAGUA

Leo naomba siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachotubeba kila siku na hakuna anayekitazama mpaka kiharibike: shokapu za pikipiki.

Hili limenigusa kwa sababu ya binamu yangu. Jamaa anabeba kabichi na karoti kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini kwa pikipiki ya mkataba. Shokapu moja ya nyuma ikafa. Kwa kubana hela akabadilisha hiyo moja tu, ya pili akaiacha ileile ya zamani. Siku ya tatu anashuka mlima na mzigo, kwenye kona pikipiki ikaanza kucheza mkia, akaishia mtaroni. Mtulinga ukavunjika. Wiki sita yuko nyumbani na hesabu ya tajiri inaendelea kumsubiri. Sasa anataka kununua ya kwake, akaniambia: "Mdogo wangu, wewe unayeshinda kwenye kompyuta, niangalizie yenye shokapu za maana."

Basi nimesoma, na nimekaa gereji siku tatu nawasumbua mafundi. Mimi mwenyewe nimeishia form four, fundi siyo, kwa hiyo wenye ujuzi mtanirekebisha.

KWANZA TUELEWANE

Shokapu ina kazi mbili. Springi inabeba uzito. Oili inatuliza springi. Ndani kuna pistoni yenye vitundu vidogo, oili inapita pale kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayozuia pikipiki isidunde kama mpira. Oili ikivuja, springi bado ipo na pikipiki haikai chini, ndiyo maana wengi wanadhani shokapu ni nzima. Lakini tairi linakuwa linarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona.

ZA MBELE

1. Foki ya kawaida. Bomba jembamba juu linaingia kwenye bomba nene chini, springi na oili vikiwa ndani. BMW waliitoa kiwandani ikiwa na oili mwaka 1935 kwenye R12, na hadi leo ndiyo iliyopo kwenye Boxer, TVS na pikipiki nyingi za Kichina. Faida: kila fundi anaijua na oili sili zinapatikana. Kasoro: ukishika breki kwa nguvu inazama mbele, na kwenye mteremko wenye mzigo unaisikia kabisa.

2. Foki iliyogeuzwa. Hapa bomba nene liko juu, jembamba chini. Haipindipindi kirahisi, ndiyo maana wanaitumia kwenye pikipiki za mashindano. Ila oili sili yake iko chini karibu na tope, na ikichanika oili yote inaweza kushuka. Ni ya mtu mwenye hela ya matengenezo.

3. Foki ya mikono mifupi. Wazee wanaikumbuka kwenye zile Honda ndogo za ukoo wa Super Cub, iliyoanza 1958. Gurudumu limeshikwa na vijimkono viwili vinavyopanda na kushuka. Ni ngumu kuharibika, ila haina nafasi kubwa ya kunyonya shimo.

ZA NYUMA

1. Shokapu mbili, moja kila upande. Ndiyo ya bodaboda. Mzigo unagawanywa pande mbili, kuzifungua ni nati chache, na hata kijijini utapata mtu wa kukufungia. Kuna zenye springi ndani ya springi, kama za Boxer: zinapanda ugumu kadiri mzigo unavyoongezeka. Kuna pia zenye kikopo cha gesi pembeni. Gesi inazuia oili isitoke povu ikipata moto kwenye barabara mbovu. Ila macho wazi! Kwenye shokapu za bei poa vikopo vingine ni urembo tu, ndani hamna kitu.

2. Shokapu moja katikati. Mbelgiji Lucien Tilkens ndiye aliyeibuni, Yamaha wakaichukua, na mwaka 1973 Håkan Andersson akachukua nayo ubingwa wa dunia wa motokrosi 250cc. Huku kwetu utaiona kwenye Yamaha DT za mabwana shamba. Inanyonya mashimo vizuri sana na tairi halibanduki chini. Lakini hiyo moja inabeba kila kitu, ni ghali, na zile zenye viungo chini yake zinataka grisi mara kwa mara. Ikifa porini, safari imeisha.

SASA UCHAGUE IPI?

Abiria na mizigo kila siku: shokapu mbili nyuma, foki ya kawaida mbele. Njia ya tope na mawe, uko peke yako: shokapu moja katikati, kama mguu wako unafika chini maana siti yake iko juu. Mjini kwenye lami: yoyote, angalia bei ya spea kwanza.

Binamu nimemwambia achukue ya shokapu mbili zenye springi ndani ya springi. Alikuwa anaitamani DT, nikamuuliza: ikikufia huko juu Mgeta na gunia la karoti, nani atakufungia? Akanyamaza.

KAMA UNANUNUA USED

- Shika breki ya mbele, kandamiza usukani, achia. Ipande mara moja itulie. Ikidunda mara mbili tatu, oili imekwisha.
- Pitisha kidole kwenye bomba jembamba. Ukikuta oili, sili imekufa. Ukikuta kutu yenye vishimo, hata sili mpya itakatwa tena.
- Weka stendi ya kati, tikisa gurudumu la nyuma kushoto kulia. Likicheza, huenda bushi zimekwisha, na shokapu mpya hazitakusaidia.

MAKOSA YANAYOUMIZA

Kubadilisha shokapu moja kama binamu. Upande mmoja unasukuma kwa nguvu, mwingine umelegea, mkono wa nyuma unapinda, ndiyo ule mkia. Badilisha zote mbili au subiri upate hela ya mbili.

Kuweka oili ya injini kwenye foki, au kipimo tofauti kushoto na kulia. Fuata kitabu cha pikipiki.

Kuzungusha ile pete ya ngazi ukidhani unaongeza ugumu wa springi. Springi ni ileile, pete inainyanyua pikipiki tu. Ipandishe ukipakia, ishushe ukishapakua, kwa pande zote mbili sawasawa.

Binamu ameshaanza kunyanyua mkono, ila gunia bado hawezi. Bei ya shokapu ya pili aliyoikwepa haifiki hata nusu ya hesabu anayodaiwa sasa. Wewe unayesoma hapa na pikipiki yako iko nje ya kafe, ukitoka kaikandamize mara moja kabla hujawasha.

Mafundi na wadau wa bodaboda, nimekosea wapi? Dondosheni hapo chini.