Mbu wawili wasiotofautishika kwa macho, na kromosomu nene zilizowaumbua

Mkazi wa Majengo, Moshi, akimuua mbu wa malaria ukutani hawezi kujua amemuua yupi. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis wanafanana kabisa, hata ukimweka mbu mzima chini ya darubini. Siri yao ilitoka kwenye seli zinazonakili kromosomu bila kugawanyika.

Kawaida seli inanakili kromosomu zake mara moja, kisha inagawanyika kuwa mbili. Lakini zipo zinazoruka hatua hiyo ya mwisho: zinanakili, hazigawanyiki, zinanakili tena. Hata kwenye ini lako zipo seli zenye kromosomu mara mbili ya kawaida. Seli ya namna hii inakuwa kubwa na inatengeneza protini nyingi bila kusimama kujigawa.

Kwa mbu jike, mfano mzuri ni seli zinazolisha mayai yake. Humo nakala hazitawanyiki, zinalala sambamba kama nyuzi za katani kwenye kamba. Mbu huyu ana kromosomu 6 tu, yaani jozi 3, na zikinenepa hivyo zinaonekana kwa darubini ya kawaida, zikiwa na milia ya giza na mwanga.

Mwaka 1967 Waitaliano Mario Coluzzi na Adriana Sabatini walichapisha matokeo ya kusoma milia ya aina hiyo kwa mbu hawa wawili. Kuna vipande vya kromosomu ambavyo kwa mmoja vimekaa kinyume na vilivyokaa kwa mwenzake. Basi, wakatambulika.

Njia hii ina usumbufu wake. Inahitaji jike aliyekunywa damu takriban siku moja kabla, mayai yakiwa nusu njia. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 maabara nyingi zimehamia kipimo cha PCR.

Sasa, kwa nini ujue ni mbu yupi? Gambiae hupenda damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba, kwa hiyo chandarua na dawa ya ukutani humpata vizuri. Arabiensis anauma hata ng'ombe na mara nyingi anauma nje, kabla watu hawajaingia kulala. Na kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, upande wa Mabogini na Chekereni, kusini mwa mji, anayetawala ni huyo arabiensis.