Sheria ya Afya ya Akili (Kenya)

Sheria ya Afya ya Akili ni sheria ya Kenya inayosimamia matibabu na haki za watu wenye maradhi ya akili. Ilitungwa mwaka 1989. Mwaka 2020 jopokazi la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi hayo yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Marekebisho yaliyowasilishwa na seneta Sylvia Kasanga yalitiwa saini Juni 2022, yakazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai.