Mistari 405

Tarehe 2 Novemba 1936, kutoka jengo la Alexandra Palace, kaskazini mwa London, BBC ilianza kurusha matangazo ya kawaida ya televisheni. Mifumo miwili ilishindanishwa, na mwaka 1937 ukabaki ule wa mistari 405: kila picha ikichorwa kwa mistari hiyo, picha 25 kwa sekunde. Vita viliunyamazisha tangu 1 Septemba 1939 hadi 7 Juni 1946. Kisha ukarejea na kuingia majumbani mwa mamilioni ya Waingereza.

Lakini kila zama na kitabu chake. Mwaka 1964 ilizaliwa BBC2 yenye mistari 625, na Januari 1985 mitambo ya mistari 405 ikazimwa. Masanduku ya mbao yaliyobaki hayakuwa mabovu yote. Valvu ziliwaka, kioo kiling'ara. Kilichokosekana ni wa kusema nayo. Yalikuwa kama mzee aliyebaki peke yake na lugha ya ukoo wake.

Ndipo baadhi ya wahifadhi wa Uingereza walipoamua kwamba, kwa kuwa mtangazaji amekwenda zake, nyumba yenyewe na iwe kituo. Picha ya leo hupitishwa kwenye kigeuzi kinachoishika mistari 625, kikachanganya iliyo jirani na kutoa 405. Idadi ya picha kwa sekunde haiguswi, kwani mifumo yote miwili ina 25. Kisha kifaa cha pili huipandisha picha juu ya wimbi: kwa chaneli 1 ya zamani, picha megahezi 45, sauti megahezi 41.5. Hapo pana mtego. Katika mistari 405, wimbi likizidi nguvu picha huwa nyeupe. Katika mistari 625 ya Uingereza huwa nyeusi. Asiyelijua hilo hugeuza mchana kuwa usiku.

Kutoka hapo wimbi husafiri ndani ya waya wa antena, bila kurushwa hewani, likagawanywa chumba kwa chumba. Kila mgawanyo hupunguza nguvu, na tundu lisilotumika hufungwa kwa kizuizi cha omu 75, lisije wimbi likarudi na kuzaa kivuli pembeni mwa picha. Lipo na la hatari zaidi: televisheni nyingi za enzi hizo zilikuwa na fremu ya chuma iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba. Vikichakaa vikinga vya tundu la antena, waya unaoleta picha waweza kuleta mauti.

Wasomaji wa pwani hawako mbali na kisa hiki. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Tarehe 31 Disemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, na neno king'amuzi likaingia kila nyumba. Ni jina lililopatia: kifaa kinachong'amua kwa niaba ya asiyefahamu tena. Televisheni za Zanzibar za miaka ile zilikwisha kujua mistari 625, kwa hiyo safari yake ni fupi: king'amuzi, kifaa cha kupandishia picha juu ya wimbi, na waya.

Tafsiri haimrudishii mzee ujana wake, humrudisha barazani. Televisheni inayowekwa kwenye makumbusho ikiwa kiza huonesha ubao na kioo tu. Ikipewa mistari yake, huonesha walichokiona waliokaa mbele yake.