Shilingi 245.90: mchango mdogo katika historia ya Ufipa

Nunua umeme wa shilingi 10,000 pale Sumbawanga, mwezi ambao kodi ya jengo imeshakatwa, kisha usome ujumbe wote unaoingia kwenye simu. Wengi wetu tunakimbilia zile tarakimu 20 za LUKU na idadi ya uniti, basi. Lakini kuna mistari mingine. VAT imechukua shilingi 1,475.41, EWURA 81.97, na mstari wa REA unasoma 245.90. Hiyo ni asilimia tatu ya thamani ya umeme wenyewe ulionunua, na inakwenda kumpelekea umeme mtu usiyemjua.

Mstari huo ulizaliwa na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ukaanza kazi mwaka 2007. Kwa uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, ambao kwa miaka mingi umetegemea majenereta ya dizeli na umeme unaovuka mpaka kutoka Mbala, Zambia, si jambo dogo. Mwanakijiji wa Nkasi au Kalambo aliyeunganishwa kwa shilingi 27,000 amebebwa na vijisenti vya wapangaji wa Dar es Salaam na wauza duka wa Mwanza. Naiheshimu sana hesabu hiyo. Hata hivyo mnunuzi haulizwi. Hajui anampa nani, wala hana nafasi ya kusema ndiyo. Kutoa kwa namna hiyo kunasaidia, ila hakumfanyi mtu ajione ametoa.

Wafipa wanajua vizuri kutoa kwa pamoja. Ushahidi umesimama porini hadi leo: malungu, zile tanuru ndefu za udongo zenye kimo cha kama mita tatu, walimoyeyushia chuma. Lungu moja lilidai wachimba mawe ya chuma, wachoma mkaa, wabebaji na mafundi, na hakuna kaya iliyoweza kulijaza peke yake. Hali ilikuwa hiyohiyo kwenye matuta ya nyasi yaliyofukiwa udongo yaoze na kurutubisha shamba. Mwenye shamba aliita watu, akapika pombe, na kesho yake naye akaitwa. Kila mkono ulijulikana, na kila aliyekosa alijulikana pia.

Kisha ikaja kodi. Wajerumani, waliokuwa na boma lao Kasanga na kuliita Bismarckburg, walianza kutoza kodi ya kibanda katika koloni lao lote mwaka 1898. Neno la kutoa likabeba maana nyingine: kupeleka mbali, kwa amri.

Lakini simulizi ya maji ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi, bure. Wafadhili wakagawana mikoa: Wafini Mtwara na Lindi, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, na Wanorwei wakachukua Kigoma na Rukwa, mkoa uliokuwa umeanzishwa mwaka 1974 tu. Visima vikachimbwa, pampu za mkono zikafungwa, mabomba yakalazwa. Zilipoharibika, mwenyewe hakuonekana. Kijiji kilisubiri mkoa, mkoa ukasubiri mfadhili, na akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao.

Sera ya Maji ya mwaka 1991, na hasa ile ya 2002, ikageuza mambo. Mtumiaji akatakiwa kuchangia, kijiji kikafungua mfuko wa maji, kamati ikachaguliwa. Tangu mwaka 2019, chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kazi hiyo imo mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Ukitaka kuona mchango mdogo ukifanya kazi, usiende ofisini. Kaa karibu na kioski cha maji asubuhi, ndoo zikiwa zimepangwa foleni, mhudumu akiandika kwenye daftari lenye jalada lililokatika pembe. Sarafu zile zinanunua washa na koki, na zinamlipa fundi. Kisha kuna wale wasiolipa: bibi anayeishi peke yake, mlemavu, mgonjwa wa muda mrefu. Ndoo zao zinabebwa na wanaolipa, na kikao kikikaa vizuri, majina yao hutajwa hadharani na watu wakakubali. Hapo mteja wa maji amekuwa mfadhili wa jirani yake, naye anamjua kwa sura.

Marekani jambo hili lilipewa utaratibu mwaka 1989. Ushirika wa umeme wa Palmetto Electric, jimbo la South Carolina, uliwaomba wanachama wake wakubali ankara zao zifikishwe dola kamili inayofuata. Aliyedaiwa dola 52 na senti 40 alilipa 53, na senti 60 zikaingia mfuko wa kusaidia watu wa eneo hilohilo. Kwa wastani mwanachama alitoa kama nusu dola kwa mwezi. Vyama vingi vya umeme viliiga baadaye. Naona siri yake imo katika neno ushirika: wateja walikuwa ndio wenye mali.

Kwetu mfano wa ushirika kama huo uliwahi kuwapo, na haukuwa mbali. Urambo, mkoani Tabora, watumiaji wa umeme waliunda chama chao na kuanza kujizalishia umeme kwa jenereta mwaka 1994, TANESCO ikiwasaidia kuanza. Wajumbe waliokusanya fedha walikuwa majirani wa waliozitoa.

Bila ujirani huo, hata jina zuri halisaidii. Julai 2021 makato yalipoongezwa kwenye miamala ya simu, yaliitwa tozo ya mshikamano, na fedha zake zilikusudiwa vituo vya afya na madarasa. Watu walilalamika nchi nzima. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, na mwaka 2023 tozo ya kutuma fedha ikafutwa. Sidhani Watanzania walichoka kushikamana. Michango ya misiba na harusi inapita kwenye simu zilezile kila wiki, na hakuna anayeiita tozo. Kwenye kioski kilekile cha maji utamwona mtu akitoa sarafu ya ndoo yake, kisha akaongeza nyingine na kumwambia mhudumu, "Na ya bibi yule pale."