Kuli, Maji, Kichwamaji

Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina ya sifa. Katika *Kusadikika* (1951) mshitakiwa ni Karama, na waziri anayemshitaki ni Majivuno. Msomaji anaijua tabia kabla mhusika hajafungua kinywa. Ufundi huo ulimfaa mwandishi aliyetaka nchi nzima ijitazame, lakini haumwachii mtu upekee wake: kila mwenye majivuno ni Majivuno.

Kizazi cha Azimio la Arusha hakikuliacha neno moja. Kililibebesha mzigo mwingine.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa *Kinjeketile*, tamthilia yenye jina la mganga wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza. Hussein alitahadharisha mapema kwamba huyu wake ni kiumbe cha sanaa. Mganga anawapa watu neno, maji, nao wanaungana kwalo. Kisha neno linamzidi kimo. Umati mzima ukilitamka unapata nguvu. Yeye peke yake linamtia shaka. Akiwa mikononi mwa Wajerumani anatakiwa aseme maji ni uongo, naye anakataa, kwa kuwa neno si lake tena na watakaokuja watalihitaji. Ni nadra katika fasihi ya Kiswahili kumwona mtu mpweke kiasi hicho katikati ya wafuasi wake.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikwenda mbali zaidi na *Kichwamaji* (1974). Mtaani hilo ni tusi kwa mtu asiyetumia akili. Ni jina pia la ugonjwa wa mtoto ambaye kichwa chake hujaa maji na kuvimba. Riwaya inazishika maana zote mbili. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, si mjinga hata kidogo. Linalomwangamiza ni kufikiri kusikokoma, mpaka anajiua, na ugonjwa wenyewe nao unaingia katika hadithi. Tusi la kijiweni limegeuka kipimo cha nafsi moja, na hapo ndipo Kezilahabi anapowapita wenzake wote.

Shafi Adam Shafi alilichukua neno lake bandarini. *Kuli* ilitolewa mwaka 1979 na Tanzania Publishing House. Kwa mwajiri, kuli hana jina: ni mgongo wa kubebea gunia. Shafi anamtoa Rashidi katika kundi hilo, anampa nyumba, hasira na msimamo, bila kumvua neno wanaloitwa wenzake. Nyuma ya riwaya kuna mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948. Dar es Salaam walikuwa wametangulia: wapagazi wa bandari yake waligoma Septemba 1947, na mgomo ukasambaa kando ya reli hadi bara.