RELI ILIYONG'OLEWA KUSINI, NA KADI YAKO YA KLINIKI

  Mfululizo wetu huwa ni wa mimba, watoto na lishe. Leo natoka kidogo wodini, nakwenda kwenye reli. Usiondoke, utaona inavyokuhusu.

Nimeanza kuwaza hili kwa sababu ya dada mmoja wa Tingi. Mimba ya miezi saba, presha imepanda, miguu imevimba. Nikamwambia arudi baada ya wiki moja nimwone tena. Akaitazama kadi yake ya kliniki, akanitazama mimi, akasema, "Sista, wiki moja ni nauli nyingine." Kisha akauliza, "Hiyo reli wanayosema itakuja mpaka Mbamba Bay, na sisi tutapanda, au ni ya makaa ya mawe tu?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma na kuulizia wazee. Jibu nimelikuta kwenye historia, na ndilo nawaletea leo. Chukua chai yako, ni ndefu kidogo.

1. WAZO NI LA ZAMANI KULIKO BIBI YAKO

Wengi tunadhani reli ya kusini ni habari ya juzi. Hapana. Wajerumani waliitaka zamani. Mwaka 1904 na 1905 mtaalamu wao Paul Fuchs alizunguka huku kusini akipiga hesabu kama reli ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa italipa. Alikuwa anaangalia kitu gani? Mazao, mizigo, mashamba. Mwaka huohuo wa 1905 vita vya Maji Maji vikaanza upande wa Kilwa, vikafika mpaka Songea, na babu zetu wengi wakafa kwa risasi na kwa njaa. Reli hiyo haikujengwa.

Reli ilijengwa kaskazini, Tanga hadi Moshi, na katikati, Dar es Salaam hadi Kigoma, ambako ilifika mwaka 1914. Kusini tukabaki na miguu yetu, mitumbwi na meli za ziwani.

Liweke akilini hilo. Tangu siku ya kwanza, swali kuhusu reli ya kusini lilikuwa "itabeba mzigo gani?" Hakuna aliyeuliza "itambeba nani?"

2. RELI YA KARANGA

Sasa twende baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula. Siyo petroli jamani, mafuta ya kupikia. Wakaamua Tanganyika iwalimie karanga. Mwaka 1947 mradi ukaanza, na maeneo yakawa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, mengine yaliwahi kutumika vitani. Watu wakaajiriwa kwa maelfu.

Nachingwea iko ndani, mbali na bahari. Karanga zitafikaje melini? Ikajengwa reli. Mwaka 1949 ilikuwa imefika Nachingwea kutoka Mkwaya, kule kwenye mkono wa bahari wa Lindi. Kisha wakajenga bandari mpya ya maji marefu Mtwara, iliyoanza kazi mwaka 1954, na reli ikaunganishwa nayo. Baadaye ukaongezwa mkono wa kwenda Masasi.

Tatizo, karanga zenyewe hazikuwepo. Mvua haikufuata ratiba ya London. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikagoma kung'oka. Visiki vikavunja matrekta. Mkulima wa pale angeulizwa angesema, lakini hakuulizwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuacha. Hasara ilikuwa takribani pauni milioni 36.

Angalia miaka hiyo tena, mama. Mradi wa karanga umekufa 1951. Bandari ya kupakia karanga imeanza kazi 1954. Ni kama kushona sare ya mtoto ambaye ameshamaliza shule.

Reli ikabaki inatembea na mzigo mdogo: mbao, mkonge, mazao kidogo, na watu. Lakini kwenye vitabu vya mahesabu watu hawakuwa sababu ya reli kuwepo. Sababu ilikuwa karanga. Karanga hakuna, basi reli ni hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mchanga kabisa, reli ya kusini ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Mzee mmoja niliyemhudumia wodini, mwenyeji wa upande wa Nachingwea, aliniambia alikuwa mtoto mdogo. Anasema kitu anachokumbuka ni ukimya. Mama yake alikuwa anajua saa ya kuweka ugali kwa kusikia treni inapiga honi. Baada ya hapo, anasema, "tukarudi kuangalia kivuli."

3. KOROSHO ZILIPOKUJA, TRENI HAIKUWEPO

Hapa ndipo moyo wangu uliuma. Baada ya reli kung'olewa, korosho zikapanda. Wakulima wenyewe, na majembe yao, bila matrekta ya vita, walizidisha mikorosho mwaka hadi mwaka. Msimu wa 1973/74 taifa lilivuna takribani tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka Mtwara na Lindi.

Umeona? Mzigo ulikuja. Ulichelewa miaka kumi tu. Treni iliyokuwa imejengewa mzigo mmoja haikusubiriwa mzigo wa pili.

Bandari ya Mtwara haikung'olewa, ndiyo maana leo ipo na inapokea meli. Kitu kikibaki, watu hukitafutia kazi. Kikiondolewa, kukirudisha ni gharama ya kuanza upya. Sisi manesi tunalijua hilo vizuri. Zahanati ikifungwa kwa sababu mwezi huu wagonjwa ni wachache, mwezi ujao wakija wengi utawapeleka wapi?

4. MJADALA WA SASA

Mwaka 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilitia saini makubaliano ya ushoroba wa maendeleo wa Mtwara. Ndani yake kuna barabara, bandari, meli za ziwani, na reli: Mtwara hadi Mbamba Bay kupitia Songea, na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Ni kama kilomita 1,000. Tangu hapo, kila bajeti wabunge wa kusini wanauliza iko wapi, na serikali inajibu inatafuta mwekezaji wa kushirikiana naye.

Wanaoitetea wanasema hivi: tazama malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka, hapa hapa Mbinga, yanavyokwenda Mtwara usiku na mchana. Barabara inachakaa, ajali zinatokea. Mzigo kama huo mahali pake ni relini. Kweli.

Wanaoipinga wanasema: barabara ya lami tumeshapata, Songea hadi Mbinga na Mbinga hadi Mbamba Bay. Reli ni mabilioni. Bora fedha hizo zijenge vituo vya afya na barabara za vijijini. Nao wana hoja, na mimi kama nesi hoja ya vituo vya afya siwezi kuidharau.

Lakini sikiliza pande zote mbili kwa makini. Wote wanabishana kuhusu mzigo. Makaa yatatosha? Chuma kitachimbwa lini? Ndiyo hesabu ile ile ya karanga. Makaa yakishuka bei sokoni, au dunia ikiyaacha, si tutaambiwa tena reli ni hasara?

5. TRENI ZILIZOBEBA WATU

Utaniambia, "Sista, treni ya abiria wa kila siku ni ya Dar, huku kwetu watu ni wachache." Haya, tuangalie.

Dar es Salaam, Oktoba 2012, ilianza treni ya mjini ambayo watu waliiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Hawakujenga reli mpya. Walitumia ile iliyokuwepo kati ya Ubungo na Stesheni, na ile ya TAZARA upande wa pili. Asubuhi ilipeleka watu kazini, jioni iliwarudisha.

Kaskazini nako, njia ya Tanga na Moshi ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria. Nyasi ziliota, watu wengine walianzisha biashara juu ya reli. Lakini vyuma vilikuwa havijang'olewa. Desemba 2019 abiria wakarudi Moshi, na mwaka 2020 treni ikafika Arusha. Kulala siyo kufa. Ya kwao ililala, ya kwetu ilizikwa.

Na wale wa vijijini? Kwenye njia ya TAZARA, bonde la Kilombero, kulikuwa na treni fupi ya wenyeji iliyokwenda kati ya Kidatu na Makambako. Watu waliiita Kipisi. Mabehewa machache, inasimama kwenye stesheni ndogo ndogo, mama anapanda na mkungu wa ndizi na gunia la mpunga, anakwenda kuuza, anarudi. Mgonjwa naye anapanda anakwenda hospitali. TAZARA ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, lakini maisha ya watu wa pale yaliota kando ya reli kama mchicha kando ya bomba. Kumbe inawezekana reli ya mzigo ikawa na behewa la watu.

6. SASA NIKUJIBU, DADA WA TINGI

Kwanza nisikudanganye. Treni siyo gari la wagonjwa. Mama akianza kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Hakuna ratiba ya treni itakayomsubiri. Ukiona damu, ukiona degedege, kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, mtoto hachezi tumboni, chupa imepasuka na uchungu hauji: usisubiri kukuche. Nenda kituo kilicho karibu, au piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Iandike kwenye kadi yako leo, na baba mtoto aihifadhi kwenye simu yake.

Lakini vifo vingi haviji kama radi. Huwa tunasema kuna kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hiyo ya kwanza na ya pili ni mapacha. Mama anachelewa kuamua kwa sababu anajua safari itamgharimu nini. Presha yako, dada, haikupanda usiku mmoja. Ilipanda taratibu, na tungeiona mapema kama kurudi kliniki kusingekuwa kuchagua kati ya nauli na sukari ya watoto. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonwe angalau mara nane. Mara nane! Zidisha kwa nauli ya bodaboda ya kutoka kijijini mpaka barabarani, halafu ya Kosta ya kwenda Mbinga. Ukipewa rufaa ya Songea, ongeza kama kilomita 100 nyingine, na mtu wa kukusindikiza.

Hapo ndipo behewa la watu lingefanya kazi yake. Siyo treni ya kila nusu saa kama mjini. Hata siku chache tu za wiki, lakini saa inayojulikana, nauli isiyopanda kwa sababu mvua imenyesha, na stesheni ndogo ambako mama wa kijijini anaweza kufika kwa miguu. Siku ya kliniki ifuatane na siku ya treni. Muuza dagaa wa ziwani na mkulima wa kahawa wa Umatengo watapanda humo humo, na nauli zao zitasaidia kulipia safari yako.

Halitakuja kwa huruma. Historia imetuonyesha kuwa kitu ambacho hakimo kwenye mchoro wa mwanzo hakimo kwenye hesabu za mwisho. Basi siku watakapokuja na michoro kijijini kwenu, na mkutano ukaitishwa, usiwaachie wanaume peke yao. Wewe na mtoto wako mgongoni nendeni. Wengine watauliza fidia ya shamba, na ni haki yao. Wewe uliza mawili: "Abiria atapanda wapi?" na "Nauli yake imo kwenye hesabu zenu?" Wakisema hilo litafuata baadaye, waambie kusini tulishawahi kuwa na reli ya namna hiyo.

Yule dada alirudi baada ya wiki moja, kama nilivyomwomba. Aliuza kuku wawili kupata nauli. Presha ilikuwa bado juu, tukamwanzishia dawa na tukampeleka kwenye rufaa siku ileile. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Kuku wawili, jamani. Wiki iliyofuata angeuza nini?

Mama, kama wewe au mama yako alizaliwa kando ya ile reli ya Nachingwea, niandikie mlichosimuliwa. Na kama una mimba, angalia tarehe ya kurudi kwenye kadi yako sasa hivi, kabla hujaweka simu chini.

Sehemu ijayo tunarudi wodini: uji wa mtoto wa miezi sita. Mbaki salama.