Kwa Nini Wadunguaji Waliikataa Zumu

Kama unacheza PUBG unaijua hii. Ukiokota skopu ya 4x, umepata 4x, imeisha hiyo. Ukiokota ya 8x, unaweza kuishusha ukitaka. Kwa gemu hakuna mjadala, inayobadilika ndio poa. Sasa niulize: kama jibu ni rahisi hivyo, mbona majeshi yenye pesa kama nini yalikaa miaka mingi yakichagua ile isiyobadilika?

Si ati zumu haikuwepo. Mwaka 1966, Marines wa Marekani walianza kupeleka Vietnam bunduki ya M40 ikiwa na skopu ya Redfield ya 3-9x. Na ilikuwa imefikiriwa. Ndani kulikuwa na mistari miwili: unazungusha zumu hadi kitu cha inchi 18, yaani kama sentimita 46, kikae katikati, halafu skopu yenyewe inakusomea umbali. Kwa karatasi, noma sana.

Lakini msitu wa Vietnam haukusoma hiyo karatasi. Joto, mvua, unyevu kila siku. Skopu zikaanza kuingia ukungu kwa ndani.

Hapa lazima tufungue mashine kidogo. Ndani ya skopu ya zumu kuna vioo vinavyotembea mbele na nyuma ukizungusha pete. Isiyobadilika haina hiyo safari. Kila kinachotembea kinaweza kulegea, na kila pete ni mahali pengine pa kuziba maji yasiingie. Vioo vikihama kidogo tu, risasi nayo inahama. Ukikosea sentimita 3 kwa mita 100, kwa mita 1,000 hiyo ni sentimita 30. Hapo umekosa kabisa.

Halafu kuna mwanga. Chukua upana wa kioo cha mbele, gawanya kwa ukuzaji. Waingereza, kwa bunduki yao ya L96 miaka ya 80, walitumia Schmidt & Bender ya 6x42. 42 kwa 6 ni milimita 7, karibu upana wote ambao mboni ya jicho la kijana hufunguka gizani. Namba ndogo, lakini jioni ilikuwa inaona.

Kwa hivyo Marines wakarudi nyuma. M40A1 ikapewa Unertl ya 10x, haibadiliki. Mwaka 1988 jeshi la nchi kavu la Marekani likaleta M24, nayo ikiwa na Leupold ya 10x tu.

Angalia hata rekodi za umbali. Mwaka 1967 Carlos Hathcock alipiga mita 2,286 huko Vietnam, na skopu yake ilikuwa ya 8x isiyobadilika. Rekodi ilikaa miaka 35 hadi Wakanada walipoivunja Afghanistan mwaka 2002; Rob Furlong akafika mita 2,430 na 16x, tena isiyobadilika. Ni mwaka 2009 ndio Mwingereza Craig Harrison, akiwa Helmand, alifika mita 2,475 na skopu ya kubadilika, 5-25x. Na tusijifanye hizi ni pointi za gemu. Mwisho wa kila namba hapo kuna mtu aliyekufa.

Leo zumu imeshinda. Mwaka 2020 Marines walichagua skopu ya 1-8x kuchukua nafasi ya ile ya 4x waliyokuwa wamepea askari wa kawaida, kwa sababu askari huyo huyo asubuhi yuko ndani ya nyumba na jioni yuko uwanja wazi. Lakini wazo la 1966 halikuwa baya. Lilitangulia tu vifaa vyake. Ilibidi ufundi wa vioo na wa kuzuia maji ukue kwanza.

Ndio maana mimi huchekanga watu wanaosema kitu kipya lazima kiwe bora. Wanaume ambao maisha yao yalitegemea hicho kioo walikuwa na zumu mkononi, wakairudisha, wakachukua kile chenye kazi moja kinachofanya hiyo kazi kila siku. Hiyo si ushamba. Kwa hivyo wakikuuzia simu ya zumu 100x, usiulize inafika wapi. Uliza picha ya usiku inatoka aje.